Kunyoa kwa Imani

Jumatatu asubuhi Kinyozi aliliamkia koti. Lilikuwa koti la mteja, limetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na Kinyozi, mtu wa adabu zake, aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo mzee, karibu, kaa tu, nakuja sasa hivi." Koti halikuitikia. Mwenye koti alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kuzunguka, kitambaa shingoni. Alimtazama Kinyozi, akaamua kwamba huo ulikuwa mzaha, akacheka. Kinyozi naye akacheka, maana hakuwa na jingine la kufanya.

Upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi, mkewe alisikia kila neno na hakucheka. Chumba kilikuwa kimoja wakakigawa, huku kinyozi, huku dobi. Kila kilichosemwa kwenye kile kiti kilimfikia Dobi kwenye meza yake ya pasi, na kwa miaka mingi alijua habari za mtaa mzima bila kutoa mguu nje. Sasa habari ya mtaa ilikuwa mume wake.

Mambo yalianza jana yake, chini ya turubai kubwa lililofungwa uwanjani. Mhubiri mgeni, aliyependa kuitwa Mtumishi basi, alifundisha kwamba mtu aliyeokoka na bado anavaa miwani anamwambia Mungu waziwazi kuwa hamwamini. Alisoma mstari mmoja tu, ule wa kuenenda kwa imani wala si kwa kuona, akaurudia kwa sauti ya kupanda mpaka watu wakasimama, kisha likapitishwa kapu. Kinyozi, ambaye vioo vyake vilikuwa vinene hata watoto wa mtaani wakamwita Macho Manne, aliivua miwani akaitupia kapuni huku akilia machozi ya kweli. Tusimwonee, hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka kubeba vioo usoni tangu utotoni, na yule mgeni alimwambia kwamba leo anaweza kuvitua.

Tabu ilikuwa kwenye fundisho la pili. Mtumishi alisema uponyaji umeshafika, uwe umeusikia mwilini au hujausikia, na anayesema "bado sioni" ameurudisha mwenyewe ulikotoka. Kwa hiyo kila aliyemuuliza Kinyozi, "Vipi macho?" alijibiwa, "Naona! Naona kuliko zamani!" Aliwaambia hivyo majirani, aliwaambia wateja, na zaidi ya wote alimwambia mama mkwe wake. Huyu aliishi nao, na alimpenda mkwe wake kuliko binti yake wa kumzaa, wala hakulificha.

* * *

"Jumapili hii inayokuja ni zamu ya dawa," Mama Mkwe alitangaza jioni ile mezani. "Kila mtu aje na dawa zake, aziweke kapuni, arudi nyumbani mwepesi."

Dobi aliweka kijiko chini. "Mama, wewe una presha."

"Najua nina presha. Si yangu?"

"Daktari alisema kidonge kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja. Na kliniki nimekujazia kichupa Jumamosi hii hii, cha kuanza leo."

"Na daktari wa macho alimwambia nini mwenzio? Si alisema miwani ni mpaka kaburini? Haya, yuko wapi huyo daktari?" Mama Mkwe alimgeukia Kinyozi kwa uso uliojaa mapenzi. "Mwanangu, hebu mwambie mkeo. Unaona, huoni?"

Kinyozi alikuwa anapapasa meza kutafuta kikombe cha maji. Alishika kopo la chumvi, akalipeleka mdomoni, akalirudisha polepole.

"Naona, Mama," alisema.

"Umesikia?" Mama Mkwe akamwambia binti yake. "Huyu hajawahi kunidanganya hata siku moja."

Na mpaka Jumapili ile ilikuwa kweli. Tangu alipoingia katika nyumba ile, Kinyozi hakuwahi kumwambia mama mkwe wake neno la uongo, hata alipoulizwa kama chakula alichopika ni kitamu. Dobi aliijua sifa hiyo ya mumewe, ndiyo iliyomfanya akubali kuolewa, na jioni ile ilimtia hofu. Aliwaza tu kile kichupa, ambacho mama yake alikitunza mwenyewe ndani ya mkoba na hakutaka mtu akishike.

Baadaye alimkuta mumewe uani, penye karo la kuoshea vyombo, akasimama mbele yake.

"Mume wangu, hivi ni vidole vingapi?"

"Usinijaribu, mke wangu. Hata shetani alianza hivyo hivyo, kwa maswali."

"Kwa hiyo mimi ni shetani."

"Sijasema hivyo."

"Basi vingapi?"

Kinyozi alikaza macho mpaka paji likajikunja. "Vitatu."

"Nimeshika sufuria," Dobi akasema.

* * *

Siku ya Jumatano alikuja Mzee wa Kanisa, yaani mzee wa kanisa lao lile la kila siku, lenye mabenchi magumu na kwaya isiyo na spika. Mzee huyu alikuwa na sharubu alizozitunza tangu ujana, nyeupe, zimechanwa kwenda kushoto na kulia, na alitaka zipunguzwe kidogo tu kwa kuwa alikuwa anakwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Kinyozi alimkaribisha kwa furaha. Alizipunguza upande wa kulia vizuri sana. Upande wa kushoto alizimaliza.

Dobi, kule nyuma ya plaiwudi, alinyanyua pasi asije akaunguza suruali ya watu.

"Kinyozi," sauti ya Mzee ikasema taratibu, "hebu malizia na upande huu, nisiende nusu."

Hakugomba. Alilipa, jambo lililomuumiza Kinyozi kuliko matusi, kisha akazunguka upande wa dobi kuchukua mashati yake, mdomo wa juu ameufunika kwa mkono kama mtu anayeumwa jino.

"Binti yangu, mimi sina neno na sharubu, zitaota," alimwambia Dobi kwa sauti ya chini. "Lakini mumeo ananyoa kwa kupapasa."

Dobi akamweleza yote, mpaka la kichupa. Alieleza huku anakunja mashati, na machozi yalimtoka akayafuta kwa kola ya shati la Mzee mwenyewe, ikabidi alipige pasi upya.

"Ule mstari aliousoma, mliusoma nyumbani?" Mzee akauliza.

"Tulikuwa tunausikia tu."

"Usomeni. Lakini msianzie pale alipoanzia yeye, anzeni juu, mshuke mpaka chini. Mtume aliandika barua nzima kwa watu wenye shida zao, hakutupa maneno hewani. Mtu akinitolea mstari mmoja mfukoni, mimi namwomba anionyeshe ndugu zake." Aliusahau mkono, mdomo wa juu ukabaki uchi, ukang'aa. "Na anayekuambia kuuliza ni dhambi, huyo muulize zaidi. Bwana wetu aliulizwa maswali kutwa nzima, na waliouliza kwa nia mbaya aliwajibu vilevile."

* * *

Nyumba ile ilikuwa na mazoea yake. Jioni, kabla mwanga haujaisha mlangoni, Kinyozi alikaa kwenye kizingiti akasoma Maandiko kwa sauti, na wanawake wakasikiliza. Wiki hiyo alikuwa hasomi. Alifungua kitabu, akakishika vizuri, akasema mistari anayoijua kwa moyo. Alhamisi Dobi alikichukua kitabu kutoka mikononi mwake.

"Leo nasoma mimi," alisema.

Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alianza juu kabisa, pale Paulo anaposema mwili huu ni hema tu, na kwamba tukiwa humo tunalemewa na tunalia, tukiingojea nyumba isiyojengwa kwa mikono. Akashuka mpaka kwenye mstari wa Mtumishi, akaupita, akafika pale Mtume anaposema angependa kuuacha mwili akakae na Bwana.

"Mbona hapa hapana miwani?" Dobi aliuliza. "Anazungumza habari ya kufa na kufika kwa Bwana. Kwamba bado hatujamwona uso kwa uso, lakini tunamtumainia. Na mwili wenyewe anasema bado ni mzigo, hata kwa aliyeamini."

"Hebu rudia hapo pa hema," Mama Mkwe akasema. "Pananihusu magoti."

Kinyozi alinyoosha mkono. "Nipe nione mwenyewe."

Alikisogeza kitabu mpaka kikagusa pua, akakipeleka mbali mpaka mkono ukaisha. Herufi zilikuwa sisimizi wanaotembea. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili aliogopa. Alitaka kuhakikisha, alitaka kweli, na chombo cha kuhakikishia kilikuwa ndani ya kapu la yule ambaye alitaka kumhakikisha. Hofu ikamtoka kwa njia ya hasira, kama inavyotutoka wengi.

"Mtumishi amesomea mambo haya," alisema. "Wewe umesomea kupiga pasi."

Dobi alifunga kitabu. "Ndiyo. Na ndiyo pasi inayotulisha wiki hii, maana upande wako kiti kimebaki kinazunguka peke yake."

"Binti, usimvunje mwenzio imani," Mama Mkwe akaingilia. "Yeye mwenye macho anasema anaona, wewe unabishana na macho ya watu?"

"Na wewe Mama, leo umemeza?"

"Mimi si mtoto," Mama Mkwe akajibu, akauvuta mkoba wake mapajani. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani tangu asubuhi, akasema ni joto.

* * *

Jumamosi mchana gari jeupe lilisimama nje. Dobi alisikia milango ikifungwa, akasikia mumewe akivuta pumzi, kisha akasikia sauti aliyoizoea kwenye spika, ila safari hii ilikuwa ndogo, ya mtu wa kawaida.

"Bwana asifiwe. Nimeambiwa hapa mnachonga ndevu vizuri."

"Mtumishi!" Kinyozi alitamka kama mtoto aliyeletewa zawadi. "Wewe! Katika banda langu! Karibu, karibu, kaa."

Hakuwa na hila yoyote, ieleweke hivyo. Wiki nzima alikuwa amefukuza wateja kwa mikono yake mwenyewe, na sasa alipata heshima ya kumhudumia mtu wa Mungu kabla ya ibada kubwa. Alimfunga kitambaa shingoni, mara ya kwanza pamoja na mkono wa kiti, akafungua, akafunga upya. Alimpaka povu usoni, kidogo likaingia sikioni. Akatia wembe mpya.

"Na kesho shingo iwe safi kabisa," Mtumishi akasema, macho ameyafumba. "Kuna watu wa kamera. Tumia wembe, usitumie mashine."

"Wembe, Mtumishi. Tulia tu." Kinyozi aliweka kidole gumba kwenye koo la Mtumishi, akapapasa kutafuta mwanzo wa ndevu, akasema kwa furaha iliyomjaa, "Na nikushuhudie jambo. Mimi ni mmoja wa wale waliotoa miwani."

Mtumishi alifumbua macho. "Nini?"

"Jumapili. Niliitupa kapuni mbele yako. Tangu siku ile nanyoa kwa imani tu."

"Subiri. Subiri kidogo. Shusha mkono." Mtumishi alijibonyeza kwenye mgongo wa kiti. "Miwani hiyo ilikuwa ya kusomea tu, si ndiyo?"

"Hapana, ya kuonea. Bila miwani hiyo nilikuwa siwezi kutofautisha mtu na mlango."

"Na sasa?"

"Sasa naona, Mtumishi. Kama ulivyofundisha."

Mtumishi alitazama wembe uliokuwa unaning'inia karibu na sikio lake, ukielekea mahali ambapo hapakuwa na ndevu. "Huna miwani nyingine? Ya akiba? Azima basi hata kwa jirani."

"Lakini Mtumishi, si ulisema..."

"Ndugu yangu, yale ni ya ibada. Hii ni shingo yangu!"

Aliinuka na kitambaa chake, povu likimdondokea kwenye viatu, akatoka. Gari liliwaka. Kitambaa kilirushwa kupitia dirishani kikaangukia mtaroni, na vumbi la gari likaingia mpaka kwenye meza ya pasi.

Dobi alizunguka ukuta. Mumewe alikuwa amesimama palepale, wembe mkononi. Aliuweka kwenye rafu kwa uangalifu mkubwa, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja.

"Umesikia?"

"Huu ukuta ni plaiwudi," Dobi akasema.

"Hakuniuliza hata jina. Aliuliza miwani." Alizungusha kiti kumwelekea. "Mke wangu, sioni. Hata wewe hapo ulipo, naona ukungu umevaa kitenge."

Dobi angeweza kumwambia mengi, na alikuwa ameyaandaa tangu Jumatatu, mengine yana makali kuliko wembe. Alipomwona amekaa vile, yote yakamtoka kichwani. Alimfuta povu lililomrukia usoni.

"Na lile la pasi nililokuambia," Kinyozi akasema, "lilikuwa neno baya. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kwanza tumwambie Mama."

Mama hakuwepo. Jirani akawaambia ameondoka asubuhi kwenda kulala kwa dada yake, ng'ambo ya mji, ili kesho waongozane uwanjani mapema wapate nafasi ya mbele. Nguo yake nzuri aliibeba. Mkoba pia aliubeba.

* * *

Jumapili walitoka mbio, Kinyozi ameshika bega la mkewe, akijikwaa kila penye jiwe na pasipo na jiwe. Uwanjani spika zilinguruma. Foleni ilikuwa inasogea kuelekea kwenye kapu, watu wameshika chupa, paketi, mifuko ya kliniki, na Mtumishi juu jukwaani alikuwa amenyolewa na mtu mwingine, vizuri sana.

"Mama!" Kinyozi aliona kitambaa cha njano mbele yake, akakishika mkono. "Mama, usiziweke, nakuomba!"

"Mimi si mama yako," kitambaa cha njano kikajibu.

Basi akaona kumtafuta kwa macho ni kazi bure. Akasimama pale pale katikati ya foleni, akapaza sauti ile ya vinyozi, iliyozoea kushindana na redio.

"Jamani! Mimi ndiye Kinyozi wa karibu na soko. Jumapili iliyopita nilitoa miwani yangu hapa, na wiki nzima nimewaambia kwamba naona. Sioni! Nimewadanganya. Nimesalimia koti. Nimenywa chumvi. Nimemnyoa mzee wa watu sharubu alizotembea nazo tangu ujana. Mungu anaponya, mimi naamini hivyo mpaka leo, lakini hakuniagiza niseme uongo kwa ajili yake!"

Watu wa karibu walicheka, kisha wakanyamaza. Nyuma kidogo sauti ya mwanamke ikasema, kama inayojaribu maji kwa kidole, "Hata mimi." Alikuwa mwalimu wa shule. "Nimesahihisha madaftari ya darasa zima kwa kukisia. Wote wamefaulu."

"Hata mimi," mwingine akadakia. "Nami ni dereva wa basi."

Foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Nimechukua likizo," dereva akasema haraka, na kicheko kilichozuka hapo kilivuka mpaka upande wa kwaya.

Mtumishi aliagiza wimbo uanze, akasema hiyo ni roho ya ubishi. Wimbo ulianza, lakini walioimba hawakuwa wengi, maana wengi walikuwa wanatazama vile walivyovishika mikononi. Mmoja alirudisha chupa mfukoni. Mwingine akafuata. Yule mwalimu aliingia nyuma ya jukwaa bila kuomba ruhusa, akatoka na kapu la miwani, akalimwaga juu ya meza, na hapo ikawa kama mnadani. Watu walivaa na kuvua, wakabadilishana, wakaulizana, "Hii ni yako? Mbona wewe umekuwa mrefu?" Kinyozi alijaribu nne za watu kabla ya kuangukia ile yake nzito. Aliifuta kwa shati, akaivaa.

Akaona uso wa mkewe, kila mstari. "Umekonda," alisema.

"Wiki nzima hukuniangalia," Dobi akajibu, akacheka huku analia.

Halafu Kinyozi akamwona Mama Mkwe akija polepole kati ya watu, ameegemea bega la dada yake, kitambaa kimemkaza kichwani, macho mekundu. Kichupa alikuwa nacho mkononi. Alikuwa wa tatu kutoka kwenye kapu. Kinyozi alikipokea kwa mikono miwili, kwa furaha, akakiinua. Kichupa kilikuwa kimejaa hadi shingoni, na juu yake pamba ya kliniki ilikuwa bado haijaguswa.

"Mama," alisema, "hivi vidonge hujavimeza tangu lini?"

Mama Mkwe alimtazama bila lawama, kwa mapenzi yale yale.

"Tangu siku uliponiambia unaona, mwanangu."

Dobi alikwenda kutafuta maji. Kinyozi alichutama mbele ya mama mkwe wake, akageuza mgongo, akamwambia apande. Mama Mkwe akasema watu wanatazama, yeye ni mtu mzima, zahanati si mbali, anaweza kutembea. Kinyozi hakuinuka mpaka alipoisikia mikono yake shingoni. Kisha akatembea naye polepole kati ya watu, akitazama vizuri kila mahali anapokanyaga.